Mita kwanza, mashine za nguvu baadaye: vifaa nilivyoongeza gereji yangu ya nyumbani, Arusha

Wadau habari zenu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, mkate wangu mkubwa ni Land Cruiser za utalii, zile zinazotoka Serengeti na Ngorongoro zimejaa vumbi mpaka ndani ya dashibodi. Mwaka huu nimeamua kuipanga vizuri gereji ya nyumbani Sakina ili kazi za jioni na za wikiendi nisikimbilie kuazima vifaa kwa jirani, na kuna watu kibao wananiuliza nimenunua nini nimenunua wapi, ngoja nieleze kwa kirefu manake jibu la "nenda duka fulani" halimsaidii mtu. Msimamo wangu ni mmoja: hela nyingi nimeziweka kwenye vifaa vya kupimia, mashine za nguvu zimefuata baadaye, na hizo mashine zenyewe nimezichagua kwa kutumia vile vya kupimia.

Cha kwanza kabisa ni klampu mita, ile mita yenye taya zinazobana waya na kusoma ampia bila kuukata. Hapa vijana wengi wanapigwa, sio kwa ubaya wa muuzaji, ila hawasomi alama. Klampu mita nyingi za bei ya chini zinapima ampia za umeme wa nyumbani tu, wa AC, yaani ukiibana kwenye waya wa betri ya gari inakusomea sifuri hata kama stata inazunguka. Angalia kwenye ile duara ya kuzungusha: herufi A ikiwa na kiwimbi peke yake hiyo ni ya mafundi wa majumbani, wewe wa magari unataka A yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, halafu iwe na kitufe cha kuirudisha sifuri. Bila hivyo viwili irudishe kabatini.

Hicho kitufe kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya DC, yaani umeme wa betri, inasikia usumaku wote ulio karibu, mpaka usumaku wa dunia, kwa hiyo ukiiweka sifuri ukiwa umeishika mkononi halafu ukaenda kuibana kwenye gari ikiwa imegeukia upande mwingine, namba inahama. Mi naipeleka mpaka pembeni ya waya wenyewe, naielekeza vile vile itakavyokaa, nabonyeza sifuri, ndo naibana. Ukipima stata tofauti hiyo haina maana manake pale unaongelea mamia ya ampia, lakini ukitafuta umeme unaovuja usiku ndo kila kitu.

Na kuvuja ndo ugonjwa wa magari ya utalii. Gari limetoka kiwandani na waya zake, likaja likarefushwa bodi, likafungwa friji, inveta, soketi za kuchajia kamera, redio kol, taa za ndani, kila kitu na fundi wake na wakati wake, halafu dereva anakaa nalo kambini asubuhi wageni wameshakunywa chai linagoma kuwaka. Juzi kati nililetewa moja la hivyo, betri ishabadilishwa na bado. Nikazima kila kitu, nikabonyeza komeo za milango kwa bisibisi ili gari lijione limefungwa, nikabana klampu kwenye waya wa hasi: ampia 1.2. Gari lililotulia linatakiwa lisizidi kama ampia 0.05 hivi. Sasa piga hesabu, 1.2 kwa saa 24 ni karibu Ah 29 (Ah ni ampia mara saa, ndo kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), siku tatu limepaki betri ya Ah 100 imeshabaki haina kitu. Hapo badala ya kuchomoa fyuzi moja moja mi naweka mita kwenye milivolti nagusa vile vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi, fyuzi yenye umeme unaopita itaonyesha milivolti kidogo, isiyopitisha inasoma sifuri, na hujaamsha kompyuta yoyote kwa kuchomoa. Fyuzi zote zilikuwa kimya. Maana yake mwizi hapiti kwenye boksi la fyuzi, amefungwa moja kwa moja betrini, na kweli ilikuwa inveta iliyoachwa inasubiri, haina hata swichi ya kuikata. Nikaiwekea relei inayoshika pale tu funguo ikiwashwa. Kazi yote hiyo bila kununua betri nyingine.

Baada ya mita ndo nikaenda kutafuta mashine ya betri ya kufungulia nati za tairi, wenyewe tunaiita impakti. Hapa naomba mnisikilize vizuri manake soko limejaa maandishi. Nilisimama kwenye duka moja maeneo ya Kilombero, kijana akanipa mashine ya rangi ya bluu bahari, betri imeandikwa 88VF.

"Hii fundi ina nguvu, volti themanini na nane."

"Mdogo wangu nipe hiyo betri niipime."

Nikatoa mita kwenye begi, nikagusa chanya na hasi: 20.6. Kijana mwenyewe alishangaa, hajawahi kuambiwa, ye anauza kilichoandikwa.

Ukweli wa hizi betri uko hivi. Ndani yake kuna seli za lithiamu, nyingi zinaitwa 18650, kipenyo milimita 18 urefu milimita 65, kila moja ni volti 3.6 za kawaida na ikijaa kabisa ni 4.2. Ukipanga tano kwa mstari unapata 18, zikijaa 21. Basi. Ndo maana mashine moja inaandikwa 18V nyingine 20V MAX nyingine 21V na zote ni seli tano kwa mstari, tofauti ni nani amesoma namba ya wakati gani. Makita walitoa mfumo wao wa 18V unaoitwa LXT mwaka 2005 na mpaka leo wameendelea kuandika 18 hiyo hiyo. Ila hizo 48V, 88V, 128V kwenye betri ya ukubwa ule ule, haziwezekani, hakuna mahali pa kuziweka hizo seli.

Jambo la pili ni ile Ah. Betri ya ukweli ya 5.0Ah ya aina hiyo ina seli 10, mistari miwili ya tano tano. Nyingi za bei chee ukizifungua unakuta tano tu na nafasi nyingine ni plastiki tupu. Dukani hawatakuruhusu ufungue, ila uzito hauwezi kudanganya: seli moja ni kama gramu 45 mpaka 48, kwa hiyo betri yenye seli kumi na gamba lake inakaribia au inapita nusu kilo, ya seli tano ni nyepesi mpaka mkono unajua. Kuna maduka ya hapo jirani yana mizani ya kupimia misumari, omba. Mi nikaiacha ile ya 88, nikachukua iliyoandikwa 18V kwa ukweli, motor isiyo na brashi, betri mbili nzito. Ilinigharimu zaidi na sijutii. Na ukinunua impakti nunua na soketi zake nyeusi, zile za kung'aa ni za mkono, chuma chake ni kigumu lakini kinavunjika kwa mapigo na kipande kikiruka hakichagui jicho la nani.

Impakti ni ya kufungulia. Kukazia ni kazi ya toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na hicho ndo kifaa ambacho ningependa kila gereji ya Arusha iwe nacho, hata ile ya chini ya mti. Nati za tairi tunakaza kwa kupanda juu ya wili spana na kuruka. Gari ndogo kama Toyota IST nati yake inataka Nm 103 tu (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukaza), mtu mzima akisimama kwenye bomba refu anapita hapo mara mbili, stadi, ile bolti inayoshika nati, inavutika, na ikishavutika hairudi, siku nyingine inakatika ikiwa barabarani. Upande wa pili ni Land Cruiser iliyokazwa kidogo ikapita kwenye rasta za Serengeti, ile mitikisiko ya saa nzima inalegeza nati moja moja. Angalia kitabu cha gari lenyewe manake rimu ya chuma na ya alumini namba zake hazifanani, kaza kwa mtindo wa nyota, nyuzi ziwe kavu bila grisi, na baada ya kilomita kama 50 mpaka 100 urudie kuzipima.

Niliyochukua ni ya nusu inchi, ile inayolia "ta!" ikifika. Kiwango cha kimataifa cha hizi, ISO 6789, kinaruhusu kupotoka asilimia 4 tu, sasa dukani nani atakuthibitishia? Mi naipima hivi. Kile kichwa cha mraba nakibana kwenye jiliwa, mkono umelala usawa, upande ambao uzito utavuta kwenda kukaza, kisha natundika ndoo yenye maji lita 20 katikati ya mshikio. Maji lita 20 ni kilo 20, ndoo yenyewe kama kilo moja, jumla 21. Kwenye renchi yangu kutoka katikati ya kichwa mpaka kamba ni sentimita 40. Kilo 21 mara 9.81 mara 0.4 unapata Nm 82, ongeza kama tatu za uzito wa renchi yenyewe. Nikiiweka 75 lazima ilie, nikiiweka 95 isilie, halafu naenda nasogeza katikati taratibu mpaka naona inaliliaga wapi. Sio maabara, ila inakutenga na renchi ya kihuni ndani ya dakika chache. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake, springi ikikaa imebanwa mwezi mzima inachoka, na usiitumie kufungulia nati iliyoganda hata siku moja.

Kebo za kubustia nilinunua kwa wembe. Nimesema wembe kweli, niliomba ruhusa ya kukwangua nyuzi pale kwenye klipu. Nyingi zina gamba nene kama bomba la maji, ndani nyuzi nyekundu, unakwangua unaona nyeupe: ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo kwa Land Cruiser ya dizeli utashika klipu zimechemka na gari halijawaka. Ukishanunua, msaidizi akiwa anapiga stata weka mita ncha hii na ncha ile ya kebo moja, ikizidi nusu volti hiyo kebo inakula umeme wako njiani.

Grainda nimebaki na ndogo, ya inchi nne na nusu. Nitasema moja tu kwa sababu nimeona watu wanaumia: kutoa kava ili kuweka disk ya inchi tisa kwenye grainda ndogo ni hatari kubwa mno. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, hiyo disk ya inchi tisa, yaani milimita 230, mwisho wake imeandikwa 6,600. Itapasuka. Na disk zina tarehe ya kuisha, imegongwa kwenye ile pete ya chuma katikati, gundi yake inazeeka na unyevu wa masika unaiharakisha.

Kinachobaki ni kompresa na jenereta, na hapa Arusha tuna jambo letu ambalo muuzaji wa Kariakoo hatakwambia kwa sababu yeye yuko usawa wa bahari. Sisi tuko kama mita 1,400 juu, hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300, kwa hiyo jenereta iliyoandikwa kilowati 2.5 huku itakupa kama 2.1, madereva wanaijua habari hii kila wakipandisha kingo za Ngorongoro na injini ya 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser isiyo na turbo, inavyolalamika. Kompresa nayo inavuta lita zile zile lakini zenye hewa kidogo, tangi linachelewa kujaa. Sasa ukipiga hesabu ya bunduki ya rangi au impakti ya upepo ongeza hiyo asilimia 15 kabla hujalipa. Mi natafuta ya lita 50 yenye silinda mbili, motor ya umeme, na kabla ya kulipa nitaomba iwashwe nihesabu dakika za kujaa kutoka sifuri mpaka bar 8 huku klampu ikiwa kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia, nione inavuta ampia ngapi mwishoni, manake plagi ya ukutani ni ampia 13 na nyumbani kuna friji na pasi kwenye LUKU hiyo hiyo. Kama kuna mdau ameshapima yake hapa Arusha au Moshi aniandikie dakika na ampia alizopata.