Kerneli imesimama, majina hayaonekani

Malalamiko tunayoletewa na mafundi chipukizi wa mifumo hapa Dar es Salaam yanafanana mno. Fundi anadibagi (anatafuta hitilafu) kwa mbali: yupo Kijitonyama na laptopu yake, seva anayoichunguza ipo Kurasini, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) imesimama pale alipotaka isimame. Halafu skrini inamwambia `0xffffffff8110a3c4 in ?? ()`, yaani anwani isiyo na jina la funksheni, mstari baada ya mstari. Hapo wengi hukimbilia kukagua kebo na ruta. Waiache kebo. Kama kerneli imesimama na rejista za prosesa zinasomeka, mtandao umeshamaliza kazi yake.

Majina ya funksheni hayasafiri kutoka Kurasini. Kerneli inapotengenezwa, sehemu kubwa ya simboli (majina na anwani zake) hutolewa na kuwekwa kwenye faili ya pembeni: kwa Windows ni PDB, kwa Linux ni `vmlinux` iliyojengwa pamoja na taarifa za kudibagi. Faili hiyo inatakiwa iwe kwenye laptopu ya fundi. Ndiyo maana seva inaweza kukosa intaneti kabisa na kazi ikaendelea, ila bando la laptopu likikata kabla simboli hazijashuka, umekwama. Na usiichanganye `vmlinux` na `vmlinuz` ya kwenye `/boot`. Hiyo yenye z imebanwa kwa ajili ya kuwashia mashine, ukiipa GDB (dibaga, yaani programu ya kudibagi, inayotumika kwenye Linux) haitakusaidia.

Penye shida hasa ni kuamini namba ya toleo. Kerneli mbili zinaweza kuitwa jina moja, na simboli za moja zisiifae nyingine. Kinachotazamwa ni kitambulisho cha ujenzi wenyewe. Kwenye Windows ni GUID, namba ya pekee iliyoandikwa ndani ya kerneli na ndani ya PDB yake. Kwenye Linux, toa amri ya `perf buildid-list -k` kwenye seva, kisha `readelf -n vmlinux` kwenye laptopu, ulinganishe herufi kwa herufi. Zikitofautiana, hata ukibahatika kuona majina, ni sawa na kumtafuta mtu Manzese kwa ramani ya Masaki.

Kwa wa WinDbg, dibaga ya Windows, anza na `!sym noisy`, maana bila hiyo dibaga inashindwa kimyakimya. Weka njia: `.sympath srv*C:\simboli*https://msdl.microsoft.com/download/symbols`, kisha `.reload /f nt`. Sasa itakutajia kila mahali ilipotafuta na ilichokikosa. Mara nyingi utagundua ni proksi ya ofisi inayozuia, au nyota moja imesahaulika kwenye njia. Ukimaliza, andika `lm`. Ukiona `export symbols` mbele ya moduli (kipande cha programu kilichopakiwa), usishangilie. Dibaga imekosa PDB, ikaokota majina machache ambayo moduli yenyewe huyatangaza kwa wengine. Utaletewa jina la funksheni iliyo jirani, likiburuta mkia kama `+0x5a3f1`, yaani umbali kutoka mwanzo wa funksheni hiyo. Mkia mrefu namna hiyo maana yake ni kwamba jina hilo si la mahali ulipo, na ripoti za hitilafu zinazomsingizia mtu asiyehusika huanzia hapo.

Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kampuni nyingine usiitafute kwenye hifadhi ya Microsoft, waombe walioitengeneza. Ya kwako mwenyewe, hifadhi PDB ya kila toleo unalompa mteja, kwa sababu ukijenga upya kutoka msimbo uleule, kwa kawaida GUID hubadilika.

Linux ina mtego mmoja zaidi. Kitambulisho kinalingana na bado majina yanakataa, kwa kuwa kerneli hujipangia anwani upya kila inapowashwa. Kwenye x86 tabia hiyo imekuwa ya kawaida tangu toleo la 4.12 la mwaka 2017. Ongeza `nokaslr` kwenye mstari wa kuwashia, ila kwenye mashine ya majaribio tu, kwa kuwa kupanga anwani upya ni kinga, na ipo kwa sababu. Moduli zinazopakiwa baadaye nazo zina anwani zake. Skripti za GDB zinazokuja na msimbo wa kerneli zina amri ya `lx-symbols` ya kuzikusanya.

Folda ya `C:\simboli` usiifute ukidhani unasafisha. PDB zilizomo humo hazishushwi mara ya pili, na mwenzako asiye na bando anaweza kuinakili nzima kwa flashi.