Nzi wa maembe, makonyo ya karafuu na kumbi tatu za wanakemia

Wanakemia wana makongamano yao ya kimataifa na kila fani ina ukumbi wake. La viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magugu, lilianza London 1963 chini ya IUPAC, ule umoja wa wanakemia duniani, na mwaka 2023 lilikuwa New Delhi. La kemia ya kijani, ile inayopunguza sumu na taka, lilianza Dresden 2006, 2014 likaja Durban. Wa misombo ya aromatiki, yaani yenye pete ya benzini (kaboni sita zilizoungana duara), nao wana lao. Mi napima mafuta ya karafuu hapa Pemba, na kwa jinsi ninavyoona sisi tuna haja na kumbi zote tatu kwa jambo moja tu, nzi wa maembe.

Nyote mnamjua. Unachuma boribo limeiva vizuri, ganda halina kasoro ila kijitundu tu, ukilipasua ndani mabuu yanatambaa. Huyu anayetusumbua sana asili yake Asia, Kenya walimuona 2003 halafu akasambaa. Watu wanapiga bomba mti mzima, nyuki wanakufa na nzi yuko palepale, mana mayai yamo ndani ya embe na dawa haifiki huko.

Lakini dume lake halijizuii likinusa harufu ya kemikali iitwayo methili eujenoli, linaifuata tu. Unatoboa chupa ya maji ubavuni, ndani unaning'iniza pamba yenye matone ya methili eujenoli na dawa kidogo ya kuulia wadudu, basi, madume wanaingia wenyewe wanafia humo, na jike akikosa dume mayai yake hayaanguliwi. Kisiwa cha Rota kule Pasifiki walimmaliza kwa njia hii miaka ya 1960. Kisiwa jamani, kama sisi!

Sasa hiyo methili eujenoli hutengenezwa kwa eujenoli, na eujenoli ndo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hata haya ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanayopikwa kwa mvuke pale Wawi, yale mazito yanayozama chini ya maji. Pete ya benzini mkarafuu umeshaitengeneza, kilichobaki ni kutoa hidrojeni moja kwenye oksijeni na kupachika methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Njia ya zamani inatumia dimethili sulfati, sumu mbaya mno, mvuke wake unaunguza mapafu. Pietro Tundo wa Chuo Kikuu cha Ca' Foscari, Venice, na wenzake wameonyesha kwamba dimethili kaboneti inaweza kuifanya kazi hiyo ya kupachika methili, inataka joto kali na kichocheo lakini masalia yake ni methanoli na kaboni dioksaidi tu.

Kwa hiyo vijana wetu mnaosoma kemia SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mkipata nafasi kwenye kongamano lolote kati ya haya msiende kuisifu karafuu kama kiungo, ulizeni mtambo mdogo wa kazi hii unataka nini na unagharimu kiasi gani.

Na wenye miembe, mitego ifungeni mapema embe zikiwa bado changa, penye kivuli, na vaeni glavu, methili eujenoli nayo si ya kushika kwa mkono mtupu.