Sumaku ya Dunia Inatoka Wapi?

Vitabu vingi vya shule huchora kipande cha sumaku katikati ya Dunia. Mchoro huo unaonyesha ncha vizuri, lakini unapotosha. Chuma kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi hupoteza usumaku wake wa kudumu, na kwenye kiini cha Dunia joto ni la maelfu ya nyuzi. Isitoshe, kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi hadi 5,150, chuma hicho kimeyeyuka.

Kinachofanya kazi humo ni dinamo, ila si kama ile ya taa ya baiskeli. Ya baiskeli imewekewa sumaku na nyaya kiwandani. Ya Dunia haina waya: chuma kioevu ndicho kinachopitisha umeme na ndicho hichohicho kinachotembea. Kinapokatiza uga hafifu wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, mkondo wa umeme huzaliwa ndani yake. Mkondo huo hujenga uga zaidi, na uga hukua mpaka nguvu zake zianze kuuzuia mwendo wenyewe. Nishati yote hutoka kwenye mwendo, unaosukumwa na kiini kinachopoa na kuganda polepole.

Mwendo wowote hautoshi, hata hivyo. Mwaka 1933 mwanahisabati Mwingereza Thomas Cowling alithibitisha kwamba uga wenye ulinganifu kamili kuzunguka mhimili hauwezi kujiendeleza kwa njia hii. Lazima kimiminika kipinde, kisokote na kukunja mistari ya uga. Kwa hiyo msukosuko, pamoja na mzunguko wa Dunia unaoupa mwelekeo, si kasoro ya mtambo huu. Bila kuzalishwa upya, uga ungefifia ndani ya makumi ya maelfu ya miaka, ilhali miamba inashuhudia kwamba umekuwepo kwa zaidi ya miaka bilioni 3.

Kulithibitisha jambo hili maabara kulichukua muda mrefu. Mwishoni mwa 1999, majaribio ya Riga, Latvia, na Karlsruhe, Ujerumani, yalifanikiwa kwa sodiamu ya kimiminika, metali inayopitisha umeme vizuri, iliyoongozwa ndani ya mabomba. Jaribio la Cadarache, Ufaransa, mwaka 2006 ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu sodiamu iliachwa ivurugike, ikikorogwa na visahani viwili vilivyozunguka kinyume. Visahani vya chuma cha pua havikuzaa uga. Vya chuma laini, ambacho hushika usumaku kwa urahisi, vikazaa, jambo lililoibua mjadala kuhusu mchango wa visahani vyenyewe. Vilipozungushwa kwa kasi tofauti, ncha za sumaku zilibadilishana nafasi zenyewe, bila mpangilio wa muda. Dunia nayo hufanya hivyo. Mageuzi kamili ya mwisho ya ncha zake yalitokea miaka 780,000 hivi iliyopita.