"Kupaka upya" beseni la kuogea: maana yake hasa

Mtu akikuambia beseni lake la kuogea limepakwa upya, usidhani limerudishiwa mng'aro uleule liliotoka nao kiwandani. Haiwezekani. Beseni la chuma hufunikwa kwa enameli, na enameli ni kioo: unga wa kioo hutandazwa juu ya chuma, kisha huchomwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi hadi uyeyuke na kugandamana nacho. Bafuni hakuna tanuri.

Kinachofanyika nyumbani ni kulivika beseni ngozi mpya juu ya ile iliyochakaa. Mara nyingi ngozi hiyo ni rangi ya epoksi, inayouzwa kwa makopo mawili: moja lina rangi, la pili lina dawa ya kuifanya ikaze. Ukishavichanganya, rangi huanza kukaza humohumo koponi, kwa hiyo changanya kiasi utakachokimaliza.

Sasa, kioo kikiwa laini rangi haikishiki. Ndiyo maana kazi karibu yote iko kabla ya kufungua kopo: kubandua silikoni ya pembeni, kusugua ukoga wa sabuni na magamba ya chumvi (wanaooga maji ya visima vya Dar es Salaam wanayajua), kupiga msasa mpaka mng'aro ufe, kufuta vumbi, kukausha. Bomba linalodondoka litengenezwe kwanza. Mabaki kidogo tu ya mafuta au silikoni hufanya rangi ikimbie na kuacha vijishimo. Fundi anayeahidi kuanza na kumaliza kabla ya adhuhuri, mimi nisingempa kazi.

Tumia msasa wa maji, si mkavu, kwa sababu enameli ya mabeseni ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa za kubandua rangi ya zamani. Nchini Marekani, kati ya 2000 na 2011, watu 13 waliokuwa wakikarabati mabeseni walikufa kwa mvuke wa methilini kloraidi (methylene chloride), kemikali iliyomo katika baadhi ya dawa hizo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutuama ndani ya beseni kama maji, na anayefanya kazi ameinamia humohumo. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Soma kopo kabla ya kununua, na ukiliona jina hilo, liache dukani. Hata epoksi yenyewe inataka madirisha wazi na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali.

Si kila beseni linafaa. Chuma kikishatobolewa na kutu, rangi haitaziba. Huna hakika kama lako ni la chuma? Weka sumaku: isiponata, huenda ni plastiki au faibaglasi, nalo lina praima yake, yaani rangi ya kwanza ya kushikishia ile ya juu.

Baada ya mkono wa mwisho, lifungie bafu siku zote zilizoandikwa koponi, hata kama rangi inaonekana imekauka kesho yake. Kisha sahau steelwire na sabuni ya unga yenye mchanga. Sabuni ya maji na sponji laini vinatosha. Na yale mazulia ya mpira yanayonata chini kwa vikombe vidogo yasiwekwe tena, maana ukiyavuta hung'oka na rangi.