Gitaa kukuumiza vidole sana sio kawaida

Jamani hii ya kumwambia anayeanza eti vidole vikiuma vumilia tu utazoea, ni nusu ya ukweli. Ngozi lazima ikomae kweli, wiki kadhaa hivi, ila maumivu mengi yanatokana na nyuzi kukaa juu sana, mbali na shingo ya gitaa, na hapo utateseka bure, wengi wanaacha kupiga wakidhani hawana kipaji kumbe shida ni gitaa, inaniuma sana.

Kabla hujalipia gitaa nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, hesabu kuanzia upande wa kichwa), pima toka juu ya freti mpaka chini ya uzi mnene, kwa nyuzi za chuma milimita 2 hadi 3 ni poa, ikifika 4 au 5 liache, labda kama fundi atathibitisha linarekebishika. Halafu bonyeza freti moja moja kila uzi usikilize kama kuna mkwaruzo.

Na mng'ao usikudanganye. Chungulia ukingo wa lile tundu la sauti, mistari ya mbao ya juu ikishuka moja kwa moja hadi ndani huo ni ubao mmoja, kwa kawaida sauti yake inafunguka zaidi, ukiona matabaka basi ni plaiwudi, hata lipakwe vanishi gani.