Picha za bluu za juani hazitoi sianidi

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu: eti kuchapa picha za sayanotaipu (picha za bluu zinazochapwa kwa mwanga wa jua) nyumbani hutoa sianidi inayoua. Si kweli. Jina limetokana na neno la Kigiriki la rangi ya bluu. Kinachochanganya watu ni kemikali yake moja, potasiamu ferisianidi. Lakini humo sianidi imeshikwa na chuma barabara, haichomoki kirahisi kwa maji wala kwa jua la Dar es Salaam. Hatari ipo ukiichanganya na asidi kali au ukiiunguza. Soma lebo ya kopo, utaona tahadhari hizo. Vaa glavu, usitumie vyombo vya jikoni. Tafadhali, usiusambaze tena ujumbe huo. Mimi hulaza jani la mwarobaini juu ya karatasi iliyopakwa kemikali, naiweka juani, kisha nasuuza kwa maji ya bomba: umbo la jani linabaki jeupe, pembeni bluu tupu.