HDMI ni njia, HD ni idadi ya vidoti

"Weka waya wa HDMI, picha itakuwa HD." Nimeisikia dukani, nimeisikia kwenye vibanda vya gemu, na kila mara kuna mtu anatoa hela kwa ajili ya kauli hiyo. Inaniudhi kwa sababu anayeumia ni mnunuzi.

HD ni kipimo cha picha: pikseli ngapi, yaani vidoti vingapi, vinaijenga. HD ya 720 ina vidoti 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Full HD ni 1920 kwa 1080. HDMI ni tundu na waya unaopitisha picha na sauti kwa pamoja kutoka kwenye mashine hadi kwenye kioo. Basi.

Mkanganyiko umeletwa na jina. Toleo la kwanza la HDMI lilitoka Desemba 2002, kazi ya kampuni saba zikiwemo Sony, Toshiba, Hitachi na Philips. Herufi H na D ziliwekwa mbele kwa kuwa waya ule uliundwa uweze kubeba picha za HD. Kuweza kubeba ni jambo moja, kutengeneza ni jingine. Waya huohuo hupitisha picha ya 640 kwa 480 bila tabu yoyote, na hauiongezei hata kidoti kimoja. Bomba jipya haligeuzi maji ya chumvi kuwa matamu.

Chukua PS2, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 2. Ilitoka mwaka 2000, haina tundu la HDMI. Watu wananunua kiadapta kidogo cha kuchomeka nyuma yake, wanaunganisha na monita ya Full HD, halafu wanashangaa jezi za wachezaji bado zina ukungu na namba za mgongoni hazisomeki. Lakini picha ya 640 kwa 480 ina vidoti 307,200 tu, na kioo cha Full HD kina zaidi ya milioni 2. Kila kidoti kinatandazwa kijaze nafasi ya karibu saba. Gemu hizo zilichorwa kwa ajili ya TV za chogo, na kwa macho yangu huko ndiko bado zinapendeza.

Geuza upande wa pili: HD inaweza kuwepo bila tundu la HDMI. Monita nyingi za zamani za ofisini zina DVI, tundu jingine la picha lililotangulia mwaka 1999, na picha ya HDMI imejengwa juu ya msingi huohuo. Ndiyo maana adapta ya kuziunganisha ni ya bei rahisi: haibadilishi chochote, inapatanisha pini tu. Picha inafika Full HD kamili. Kinachopotea ni sauti, maana kwa kawaida DVI haiibebi. Mwenye PS4 achomeke hedifoni kwenye padi, kisha kwenye setingi achague sauti yote ipite huko.

Kioo kikibaki cheusi, lawama huangukia waya: "ni feki." Mara nyingi haihusiki. Kuna HDCP, kufuli la kuzuia kunakili lililobuniwa na Intel. PS3 inalidai muda wote inapotumia HDMI, na monita ya DVI isiyolijua haioneshi kitu. Kwenye PS4 unaweza kulizima ukiwa unacheza gemu. Au pengine mashine imeshikilia setingi za TV uliyoitumia kabla: PS3 ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, nayo itaanza upya kutafuta kioo.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, ukisema "monita hii ina HDMI", umemtajia mteja tundu tu. Mtajie na namba: ni 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080? Na akirudi kulalamika kwamba picha ni hafifu, muulize kwanza anatumia mashine gani kabla hujamuuzia waya mwingine.